Nani kachungulia laini yangu?

Ukipiga *106# hapa Tanzania na kufuata maelekezo, unaletewa namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mara ya kwanza nilipojaribu nilikuta laini tano. Tatu nazijua. Mbili sijawahi kuzitia machoni, ila zilikotoka nilipajua hapo hapo: kwa yule wakala wa chini ya mwavuli pale stendi, aliyeniambia, "Kaka, kidole kimekataa, futa jasho urudie." Nikarudia. Kikakataa tena, nikarudia. Kumbe kilikuwa kinakubali kila mara.

Namba hiyo naisifu. Inampa mtu wa kawaida, asiye na wakili wala mjomba wizarani, uwezo wa kuona kilichofanyika kwa jina lake. Lakini nilipokuwa nahangaika zile laini mbili zifutwe, nilijiuliza swali ambalo halijaniacha. Hizi tatu zilizo zangu kweli, nani ameziulizia? Nani ameomba orodha ya niliowapigia, saa niliyopiga, na mnara ulionidaka wakati huo? Kwa hilo hakuna namba ya kupiga wala dirisha la kwenda kupanga foleni.

Ubishi wetu juu ya dola na faragha hauishi, na naona tumeuweka mahali ambapo si pake. Tunabishana kama serikali iangalie au isiangalie. Itaangalia. Hakuna dola inayoacha kuangalia. Kinachokosekana kwetu ni kitu kidogo kuliko hicho, na pengine ndiyo sababu hatukioni: aliyeangaliwa kuja kuambiwa.

Mimi si mtu wa kusema vyombo vya dola vifumbe macho. Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998 naikumbuka, siku mabomu yalipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa na Nairobi kwa wakati mmoja. Aprili 2017 kule Kibiti polisi wanane waliuawa kwa shambulio moja, na watu wa Mkuranga na Rufiji wakawa wanafunga milango kabla jua halijazama. Anayeniambia polisi wasifuatilie simu za waliopanga mambo yale, sina mazungumzo naye. Na tusiende mbali hadi kwenye ugaidi. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Usajili wa alama za vidole ulipoanza 2019 tuliambiwa utawamaliza matapeli hawa. Januari 20, 2020, siku ya mwisho ya muda ulioongezwa, foleni za NIDA zilikuwa bado ndefu kama za mgao wa sukari. Mwenzenu nimepata ujumbe huo huo wiki iliyopita, na jina litakalotokea nimeandikiwa kabisa.

Ngoja niseme nilichokiona mwenyewe.

Jirani yangu mmoja anauza vitumbua. Miaka michache nyuma aliibiwa simu ndani ya daladala, simu yenye salio la biashara na namba za wateja wote. Akaniomba nimsindikize kituoni, maana mtaani kwetu mimi ndiye msomi, yaani nina miwani. Tukapewa RB, ile namba ya kuonyesha umeripoti polisi. Tukaenda kwenye kampuni ya simu, tukarudi na karatasi moja, tukaenda tena na nyingine. Nauli zetu tulijilipia, na vocha ya mpelelezi pia, kama kawaida. Wiki ya tatu tukaitwa.

Juu ya kaunta kulikuwa na karatasi kama nane zilizobanwa pini, zimejaa safu za namba kuanzia juu hadi chini: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, sekunde, mnara. Hakuna aliyekuwa amesikiliza maongezi ya mtu. Kulikuwa na orodha tu. Mpelelezi, kijana mpole na mwenye bidii, nisimsingizie, akawa anaipitisha kalamu huku akitueleza. Simu imeshawekwa laini tatu tangu iibwe. Ya kwanza ni ya mwizi, imekaa nusu saa. Ya pili ni ya mwanamke mmoja. "Huyu analala Kongowe," akasema. "Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko barabarani, saa moja yuko Kariakoo. Jumapili haendi. Huyu anayempigia saa nne usiku kila siku, si wa nyumbani huyu, wa nyumbani hapigiwi simu." Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Baadaye ilijulikana yule mama aliinunua simu ile kwa fundi, akaitumia siku nne, haikumpendeza, akairudisha. Simu ilikutwa kwa fundi. Jirani yangu akachukua mali yake na kwenda kuwakaangia polisi vitumbua kwa shukrani. Yule mama wa Kongowe hakuitwa kituoni hata mara moja, maana hakuwa na kosa. Hadi leo hajui kwamba siku nne za maisha yake zililala juu ya kaunta, na kwamba watu sita wasiomfahamu wanajua ana mtu wa saa nne usiku.

Kila anaponijia mtu na ule usemi wa "kama huna cha kuficha unaogopa nini", namkumbuka huyo mama. Na namwambia mtu huyo apande daladala la Mbagala jioni aangalie abiria wanaotazama salio. Kila mmoja anaifunika simu kwa kiganja, na aliye na shilingi mia sita ndiye anaifunika zaidi. Siku hizi simu imebeba kikoba, mchango wa harusi, ada ya mtoto, malipo ya kliniki ambayo hutaki shemeji ajue, na ile hela inayotoka kila mwisho wa mwezi kwenda namba ambayo mkeo haifahamu. Mwenye orodha ya miamala yako hana haja ya kukusikiliza.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kupata heshima na hifadhi kwa "nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake", na kwa maskani yake na "mawasiliano yake ya binafsi". Maneno hayo yaliingizwa na mabadiliko ya 1984, wakati simu ya mezani ilikuwa heshima ya nyumba za wakubwa. Ibara ndogo ya pili inaitaka nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu "hali, namna na kiasi" ambacho haki hiyo inaweza kuingiliwa. Hali, namna na kiasi: waliotunga walijua wanachokiandika. Kwamba serikali inaweza kuingia ndani ya faragha yangu wamekubali, lakini ieleze imeingia kwa sababu gani, kwa mlango upi, na itaishia chumba gani.

Chukua maneno hayo uende nayo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Fungu la 32 linasema taarifa zikihitajika kwa upelelezi au mashitaka, polisi mkuu wa kituo, au ofisa wa ngazi inayolingana naye, anaweza kumwamuru yeyote anayezishikilia azitoe. Hali ipo: upelelezi. Namna ipo: saini ya mkuu wa kituo. Kiasi sikioni. Je, ni siku nne au miaka minne? Ni laini ya mtuhumiwa peke yake, au na za wote aliowapigia? Hakimu hayumo. Anayepeleleza, anayeomba na anayeidhinisha wanakula ugali meza moja.

Anayeamriwa naye ni nani? Mara nyingi ni kampuni yenye leseni, na leseni hiyo inatoka serikalini. Usitegemee iwe ngao yako. Aliyethubutu tunamkumbuka kwa jina kwa sababu alikuwa mmoja: Maxence Melo wa JamiiForums, aliyefikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Desemba 2016 kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake. Kesi zake zikaburuzwa miaka. Kampuni ya simu yenye wanahisa na minara nchi nzima haiwezi kwenda Kisutu kwa ajili ya mama wa Kongowe.

Kuna anayesema mambo haya si mapya, mbona enzi za TANU balozi wa nyumba kumi alijua kila mgeni aliyelala kwako? Kweli, na mimi nimekulia chini ya balozi. Alikuwa na daftari, na mgeni akifika jioni, kesho asubuhi balozi anapita "kusalimia". Lakini nilikuwa namwona anapita. Nilijua daftari liko kwake, chini ya godoro. Alijua nyumba yangu nami nilijua yake, hata deni lake la pombe kwa mama Rose nililijua. Akivuka mpaka, wazee walikuwa wanamwita pembeni. Mnara wa simu haupiti kusalimia, na anayesoma daftari lake simjui sura.

Nikitazama kesi zilizowahi kujulikana hadharani, naona zimejulikana kwa ajali. Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti shauri lililokuwa kwenye baraza la kazi la London. Aliyekuwa mchunguzi wa ndani wa Millicom, wamiliki wa kampuni ya simu ya Tigo wakati huo, alidai kwamba mwaka 2017 kampuni ilikuwa inaipa serikali ya Tanzania taarifa za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, katika wiki zilizotangulia siku aliyopigwa risasi Dodoma, Septemba 7. Alidai pia kwamba alifukuzwa kwa kuhoji jambo hilo. Millicom ilikana kumfukuza kwa sababu hiyo. Sisemi taarifa zile zina uhusiano na risasi zile. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo, kwa hiyo hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kupima. Ninachosema ni njia iliyotumika hadi Lissu akajua. Ilibidi mzungu agombane na mwajiri wake juu ya ajira, miaka saba ipite, na mwandishi wa habari awe ameketi kwenye chumba hicho cha London. Wewe na mimi tuna mzungu gani?

Afrika Kusini jambo kama hilo lilimkuta Sam Sole, mwandishi wa kituo cha uchunguzi cha amaBhungane. Mwaka 2008 maongezi yake na mwendesha mashitaka Billy Downer yalinaswa. Aliamini anasikilizwa, akauliza, hakupata jibu la maana. Mwaka 2015, katika mvutano wa mahakamani juu ya mashitaka ya Jacob Zuma, nakala ya maongezi yake ikatokea imeambatishwa kwenye nyaraka za kesi. Hapo ndipo akawa na cha kushika. Yeye na amaBhungane wakaenda mahakamani, na Februari 4, 2021 Mahakama ya Katiba ikasema sheria ya nchi hiyo ya kunasa mawasiliano inakiuka katiba. Na angalia: sheria hiyo ilikuwa tayari inamtaka jaji aidhinishe. Jaji alikuwepo. Mahakama ikaona hatoshi, kwa sababu anasikia upande mmoja, na yule anayenaswa hawezi kulalamikia kitu asichokijua.

Ikaamuru jambo ambalo ningependa kila mbunge wa Afrika Mashariki alisome. Kibali cha kunasa kikiisha muda, ndani ya siku 90 aliyeomba kibali amwandikie aliyenaswa, kisha amthibitishie jaji kwa maandishi kwamba amefanya hivyo. Kama kumwambia kutaharibu upelelezi, jaji anaweza kuahirisha, siku 90 kwa siku 90, jumla isizidi miaka 2. Basi. Serikali haikukatazwa kunasa mtu. Imeambiwa tu kwamba ikimaliza, iseme.

Kwetu, hata wenye jaji kwenye sheria hawana barua hiyo. Uganda waliandika sharti la jaji katika sheria yao ya kunasa mawasiliano ya 2010, muswada uliokuwa umelala bungeni tangu 2007 na kupitishwa siku chache tu baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 11 yaliyoua watu zaidi ya 70. Kenya nayo mwaka 2014, nchi ikiwa bado inalia na mauaji ya Mandera, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao ambacho waheshimiwa nusura watoane macho. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane, lakini vile vya kunasa mawasiliano ikaviacha. Sheria zetu za namna hii huzaliwa matangani, na matangani hakuna anayeuliza bei ya jeneza.

Kisha Oktoba 2024 gazeti la Nation la Nairobi likachapisha uchunguzi uliodai vyombo vya usalama vinazifikia taarifa za wateja wa Safaricom kwa urahisi mno. Kampuni ikakanusha, ikasema haitoi taarifa bila amri ya mahakama. Wakenya wakagawanyika mitandaoni, wa huku na wa kule, na wanabishana hadi leo. Mimi ubishi wenyewe ndio uliniudhi. Kama kila aliyeulizwa angekuwa na barua mkononi yenye namba ya amri na jina la mahakama, ungekwisha kwa siku moja, na ikiwa kampuni inasema kweli, yenyewe ndiyo ingekuwa ya kwanza kuishangilia barua hiyo.

Wapo watakaosema nakuza jambo, karatasi ni karatasi, haimuui mtu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa nyumbani kwa wazazi wake Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu ofisa mkubwa wa polisi. Akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na kufika asubuhi ya tarehe 8 alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa, na mwili uliopigwa. Kati ya maandishi kwenye simu na gari mlangoni kwa mzee wake kuna hatua kadhaa za kutafuta mtu ni nani na yuko wapi. Hatua hizo ndizo nazizungumzia hapa.

Ninaijua hoja ya watu wa usalama, na si ya kijinga: ukimwambia gaidi kwamba ulimfuatilia, umemfundisha namna ya kukukwepa safari ijayo. Lakini hesabu tuifanye na sisi tunaoishi huku mtaani. Kati ya karatasi zote zinazopita kaunta za polisi kwa mwezi, ngapi ni za magaidi, na ngapi ni za simu iliyoibwa, deni la kikoba, na ofisa mwenye wivu anayetaka kujua mchumba wake analala wapi? Hili la mwisho kila mtaa una stori yake. Kwa kesi ya gaidi, jaji aahirishe miezi, aahirishe mwaka, sina neno. Kwa mama wa Kongowe hakuna cha kuahirisha. Na yule ofisa mwenye wivu ndiye barua itakayemtia adabu kuliko mafunzo yoyote ya maadili, maana atajua kwamba siku moja mchumba atasoma jina lake.

Pa kuanzia papo. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume yake ipo. Sheria hiyo inanipa haki ya kuuliza duka au benki wamehifadhi nini kunihusu. Ikifika kwenye upelelezi wa makosa na usalama wa taifa, inafungua mlango wa misamaha na kupisha. Sidhani mlango huo utafungwa na sijaomba ufungwe. Naomba kila anayeupita aache saini kwenye tume, yenye tarehe na namba ya jalada, na muda ukipita tume ndiyo itume taarifa, isiwe polisi. Fungu la 32 nalo libadilishwe, saini ya mkuu wa kituo itoke, iingie ya hakimu. Mahakimu wa mwanzo tunao hadi kwenye kata. Anayeweza kuamua kesi ya kuku anaweza kusoma ombi la kurasa mbili.

Watasema gharama. Barua yenyewe naiona haizidi mistari minne: Ndugu mteja, kati ya tarehe hii na hii taarifa za miito ya namba yako ziliombwa na kituo fulani, kwa amri namba fulani ya mahakama fulani. Hukuonekana kuhusika. Ukiwa na lalamiko, fika tume na ujumbe huu. Hata posta haihitajiki. Kampuni zetu za simu hazijawahi kushindwa kuniandikia. Leo saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla sijapiga mswaki, wameshaniamsha kunijulisha kwamba bando langu la usiku limekwisha.